Pantani alirudi kwenye baiskeli, watu wakadhani kapona

Swali la kwanza atakalokuuliza mtu wa Tanga ukimsimulia habari za Marco Pantani ni hili: hela alikuwa nazo, jina alikuwa nalo, sasa huzuni ya nini? Nimelisikia vijiweni kwa mafundi baiskeli kule Ngamiani na nimelisikia kwa watu waliosoma kabisa, na sio swali la kijinga, maana sie mtu akikonda kwa mawazo tunamtafutia sababu inayoshikika mkononi, kafiwa, kaachwa, kadhulumiwa shamba, duka limefilisika. Sasa mtu ambaye mwaka 1998 kashinda Giro d'Italia na Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Italia na Ufaransa za wiki tatu, mwaka huohuo mmoja, kitu ambacho baada yake hakuna aliyekiweza kwa miaka 26 mpaka alipokuja Pogačar wa Slovenia 2024, huyo utamtafutia sababu gani?

Mie nadhani swali lenyewe limekaa upande. Sonona inampata tajiri na inampata muuza machungwa wa stendi, haipigi hodi wala haiulizi salio. La kuuliza ni kwanini watu waliomzunguka, na walikuwa wengi na baadhi walimpenda kikweli, walimuona anaumwa kwa karibu miaka mitano na bado kila alipopanda baiskeli walishusha pumzi wakasema afadhali, karudi. Hilo "karudi" ndo nataka kulisema leo, kwasababu naliona na huku kwetu.

Kwa asiyemjua. Pantani kazaliwa Januari 1970, kakulia Cesenatico, mji mdogo wa bahari huko Italia wenye bandari ya mfereji na mashua za wavuvi, kiangazi unajaa watalii, baridi ikiingia unabaki na wenyewe na kila mtu anamjua mwenzie. Mama yake alikuwa na kibanda cha kuuza piadina, mkate mwembamba wa kuchomwa juu ya chuma ambao ukiuona utasema chapati tu hii. Yeye mwenyewe kilo 57 hivi, kipara, masikio makubwa, kitambaa kichwani na hereni sikioni, wakamwita Pirata, yani haramia. Kwenye tambarare hakuwa wa kutisha. Mlima ukianza ndo unamuona, anashika usukani kule chini kabisa ambako wenzie wanashika wakiwa wanateremka, anasimama juu ya pedeli, anaondoka. Sie wa Tanga mji wetu tambarare, ndo maana kila nyumba ina baiskeli na mama wa baibui anakupita kapakia mtoto na gunia la unga kwenye karia, kwahiyo milima hatuielewi sana, anayetaka kuielewa aende Mombo apande na baiskeli mpaka Soni alafu amalizie Lushoto, kisha aje atuhadithie.

Na alikuwa mtu wa kuanguka na kuinuka. Oktoba 1995 kwenye mbio za Milano-Torino akiwa anateremka alikutana uso kwa uso na gari lililoingia barabarani, mifupa ya mguu wa kushoto ikavunjika, watu wakasema huyu basi. Akarudi. 1997 akaanguka tena kwenye Giro paka alipokatiza njia, akarudi tena na kumaliza wa tatu Tour mwaka huohuo. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Julai 1998, kwenye Tour, katika mvua na baridi ya mlima Galibier, akamuacha Ullrich wa Ujerumani kwa karibu dakika tisa siku moja, dakika tisa, kwenye mchezo ambao watu wanagombania sekunde. Kwahiyo ukiangalia vizuri, taifa zima lilikuwa limeshafundishwa stori moja kuhusu huyu jamaa: akianguka, subiri, atarudi. Stori tamu sana, na ndo iliyokuja kuwafumba macho.

Nikupe kitu kimoja cha kumjua zaidi. Tarehe 30 Mei 1999, Giro, mlima wa Oropa, kavaa jezi ya pinki ya anayeongoza. Mlima ndo kwanza unaanza, mnyororo unamruka. Kila anayeendesha baiskeli hapa mjini anaijua hiyo adha, unakanyaga hewa, unashuka, unainama, unaurudisha kwa vidole mkono unajaa grisi na huku wenzio wanakupita tu. Akaurudisha, akaanza kufukuzia taratibu bila papara, akawapita watu 49 mmoja baada ya mwingine mpaka akashinda hatua ile, yani mbio za siku ile. Alipovuka mstari hakunyanyua hata mikono, hakuwa na uhakika kama kweli wamekwisha wote mbele yake.

Siku sita baadae alikuwa ameshatolewa mashindanoni.

Asubuhi ya tarehe 5 Juni, Madonna di Campiglio, zimebaki hatua mbili Giro iishe, anaongoza kwa zaidi ya dakika tano, wapima damu wakaja hotelini. Hematokriti yake, yani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikasoma asilimia 52, kikomo kilikuwa 50. Hapa tuelewane vizuri maana watu wanachanganya. Wakati ule hakukuwa na kipimo cha kuikamata EPO yenyewe, ile homoni ambayo kwa kawaida figo ndo zinaitengeneza, ukijichoma ya sindano mwili unazalisha chembe nyekundu nyingi, unabeba oksijeni nyingi, na damu inakuwa nzito kiasi cha kuhatarisha moyo. Kwahiyo chama cha baiskeli duniani, UCI, mwaka 1997 kiliweka kikomo tu, ukikizidi unaambiwa pumzika siku 15 kwa ajili ya afya yako. Kwa karatasi, Pantani hakukutwa na dawa yoyote, alipewa mapumziko ya kiafya. Alafu akatolewa mlangoni katikati ya askari na kamera, na Italia nzima ikayasoma hayo mapumziko kama hukumu ya mwizi.

Je alikuwa anatumia? Sitaki kumuosha. Mwaka 2013 Seneti ya Ufaransa ilitoa ripoti ya vipimo vilivyorudiwa vya Tour ya 1998 na jina lake limo kwenye waliokutwa na EPO, pamoja na Ullrich aliyekuwa wa pili. Zama zile nyingi ya zile timu kubwa zilikuwa humohumo, ile Tour ya 1998 yenyewe ilikaribia kuvunjika kwa sakata la timu ya Festina iliyokamatwa na shehena ya dawa. Kwahiyo alidanganya kama wenzie walivyodanganya, na akaadhibiwa peke yake mbele ya watu, na hivyo vitu viwili havipingani hata kidogo ingawa mashabiki wanavigombanisha mpaka leo, upande huu mtakatifu, upande ule tapeli.

Kilichofuata ndo cha kukitazama. Akajifungia nyumbani. Waendesha mashtaka wa miji tofauti wakaanza kumfungulia majalada, mahakama moja ikamtia hatiani kwa udanganyifu michezoni, rufaa ikaifuta. Kokeini, kwa maelezo ya waliokuwa karibu nae, iliingia miezi hiyohiyo. Akawa haaminiki kwa miadi, anaharibu magari, anapotea siku kadhaa simu haipokelewi. Ukimuonyesha mganga yeyote wa afya ya akili hiyo picha hatohitaji hata kuuliza jina la mgonjwa.

Sasa angalia wenzie walivyokuwa wakiisoma hiyo picha. Giro ya 2000 akaingia dakika za mwisho, akamsaidia mwenzie wa timu Garzelli kushinda, magazeti: karudi. Julai mwaka huo akashinda kilele cha Mont Ventoux na siku tatu baadae Courchevel, karudi kabisa sasa, na hapo Armstrong, Mmarekani aliyekuwa anaongoza Tour hiyo, akasema hadharani kwamba Ventoux kamuachia, kauli iliyomuuma Pantani kupita maelezo, ukimwambia mtu mwenye aibu kwamba hata ushindi wake ni sadaka unategemea nini? Courchevel ndo ikawa ushindi wake wa mwisho maisha yake yote. Alafu 2003, baada ya miaka ya kuingia na kutoka na kufungiwa juu yake, akamaliza Giro wa 14, na kwenye mlima mmoja karibu na mwisho akajaribu kuchomoka kama zamani, hakufika mbali lakini watu barabarani walilia kwa furaha. Kumaliza wa 14 ukiwa na miaka 33 na mwaka mzima hujakimbia vizuri ni kazi kubwa. Karudi!

Wiki chache baadae, mwezi Juni mwaka huohuo, alikuwa kalazwa kliniki ya sonona na uraibu.

Yani mtu aliyekuwa mgonjwa wa kulazwa alipanda milima ya Giro wiki tatu na dunia ikamuangalia na kusema mzima huyu. Miguu ilikuwa inafanya kazi. Miguu haikuwa inaumwa! Baiskeli ilikuwa imefanywa kipimo cha afya yake, akishinda kapona, akishindwa mvivu au kachanganyikiwa, na alivyokuwa hayupo kwenye baiskeli hakuna aliyejua amuulize nini.

Alikufa tarehe 14 Februari 2004, Rimini, kwenye hoteli ya ufukweni. Rimini kiangazi hupati pa kukanyaga, Februari imekufa. Alikuwa amepanga humo siku tano, muda mwingi kajifungia, chumba kikakutwa kimepinduliwa chote. Uchunguzi ulisema sumu ya kokeini. Miaka 34. Kutoka pale mpaka Cesenatico kwao ni kama kilomita 20, kwa mwendo wake wa siku nzuri ni nusu saa tu. Kwenye maziko walikuja maelfu ya watu.

Na kwa lugha ya mtaani kwetu alikuwa teja. Najua neno linachoma lakini tulitamke, maana Tanga mateja tunawajua, tunapishana nao kila siku, na tukimuona mmoja amelala kwenye kivuli mchana kweupe tunachosema ni kwamba unga umemharibu. Ni mara chache sana mtu kuuliza kabla ya unga kulikuwa na nini. Kwa wengi kulikuwa na kitu, usingizi uliokataa, aibu, kifo cha mtu, kichwa kisichotulia, na unga ukaja kama dawa ya bei rahisi inayofanya kazi usiku wa kwanza. Kokeini nayo ndo hivyo, inakunyanyua saa moja alafu inakushusha chini ya pale ulipokuwa, na kwa mtu ambaye tayari yuko chini hiyo hesabu haihitaji kalamu. Ukitibu unga ukaacha kilichotangulia, umetibu nusu.

Kuna jambo lingine linalofanana na kwetu mpaka linachekesha, kama si la msiba. Mama yake, Tonina, hajawahi kukubali kwamba mwanae alikufa kwa kokeini aliyotumia mwenyewe, anasema aliuawa, na uchunguzi ukafunguliwa upya 2014, watu wakataja mambo ya kamari na Camorra, mafia wa Napoli, jalada likafungwa bila kukutwa ushahidi wa mauaji. Mama simlaumu hata chembe, ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Ninaowatilia shaka ni watu baki, mashabiki, waliokimbilia stori ya wauaji haraka sana. Maana huku kijana akijifungia ndani tunasema karogwa, kijicho cha watu, kamkanyaga jini, na kule kwa kina Pantani wanasema mafia. Uchawi na mafia vinafanya kazi moja: vinampata mkosaji wa nje, alafu sie tuliokuwa tunapita mlangoni kwake kila siku tunalala vizuri.

Na sio mmoja. Wiki kumi tu kabla ya Pantani, tarehe 6 Desemba 2003, José María Jiménez wa Hispania, mpanda milima mwingine hatari, mtu wa kwanza kushinda kwenye mlima wa kutisha wa Angliru mwaka 1999, alikufa kwa moyo ndani ya kliniki ya magonjwa ya akili Madrid, miaka 32. Frank Vandenbroucke wa Ubelgiji, kipaji kilichoshinda Liège–Bastogne–Liège 1999, kapambana na sonona na dawa miaka na miaka, kaja kufia huku Afrika, Saly, mji wa kitalii wa Senegal, Oktoba 2009, chumba cha hoteli tena, miaka 34 tena. Na ili msiseme hizo ni habari za wala dawa wa zamani, Kelly Catlin wa Marekani, mshindi wa medali ya fedha Olimpiki ya Rio 2016, bingwa wa dunia mara tatu, huku anasoma shahada ya juu ya hesabu Stanford, alijiua Machi 2019 akiwa na miaka 23, miezi michache baada ya ajali iliyomuumiza kichwa, na familia yake ilieleza wazi jinsi alivyobadilika baada ya pale.

Sisemi baiskeli inaleta sonona. Lakini huu mchezo una tabia ya kuificha. Kwenye mbio mpinzani anakutazama usoni, akiona umechoka anashambulia hapohapo, kwahiyo unafundishwa tangu una miaka 15 kwamba ukiumia usionyeshe, tabasamu, vuta chupa ya maji, jifanye unaongea na mwenzio. Na dalili zenyewe: kakonda, hali vizuri, hana usingizi, haongei, kajitenga, hataki sherehe. Mlete mtu huyo hospitali daktari atashtuka. Mpeleke kwenye timu ya baiskeli kocha atasema huyu kijana yuko siriasi, kajiandaa na msimu. Sasa ugonjwa utauona saa ngapi?

Sie watu wa pwani nasi tumesomea chuo hichohicho. Kusitiri ni adabu, mtu mzima halii hadharani, mambo ya ndani yasitoke nje, alafu akishakufa tunamsomea methali ya mficha maradhi kifo humuumbua. Mie hii methali siku hizi inanikera kidogo. Inamsema mgonjwa aliyeficha, haimsemi aliyemcheka alipotaka kusema. Mtu akisema kichwa changu hakiko sawa, jibu la kwanza la utani ni "basi twende Mirembe", na Mirembe iko Dodoma, hospitali ya watu kabisa yenye madaktari na wauguzi wanaofanya kazi ngumu, lakini kwa utani wetu imekuwa tusi la nchi nzima. Mkoa wetu wenyewe una Lutindi, kule juu milimani upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani waliianza kuhudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, yani hapa nyumbani kumekuwa na sehemu ya kutibu akili kabla babu zetu hawajaona baiskeli, na bado tunalichukulia jambo hili kama jipya lililoletwa na vijana wa instagramu.

Alafu sheria nayo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu akijaribu kujiua anatenda kosa. Yani kanusurika, mama yake anamshika mkono, na kinachomsubiri kinaweza kuwa kituo cha polisi. Wenzetu Kenya mahakama kuu Januari 2025 ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinavunja katiba. Cha kwetu bado kinatisha familia ambazo zingemkimbiza mtu hospitali na kusema ukweli, badala yake wanasema kanywa dawa ya panya kwa bahati mbaya, na daktari anatibu tumbo.

Kule kwenye baiskeli mambo yamebadilika kiasi, na hapa kuna stori mbili ambazo watu wanaziweka kapu moja wakati mie naona hazifanani. Mark Cavendish wa Uingereza aligundulika na sonona Agosti 2018, akapotea, Oktoba 2020 akalia mbele ya kamera akisema huenda ile ndo mbio yake ya mwisho, alafu 2021 akashinda hatua nne za Tour na Julai 2024 akashinda ya 35, rekodi ya wakati wote. Nzuri sana, nilishangilia kama mwendawazimu. Ila hii ndo stori wanayoipenda wafadhili, kwasababu inaishia kwenye jukwaa, na inaturudisha kulekule: umeona, kashinda, kapona.

Mie nampenda zaidi Tom Dumoulin wa Uholanzi. Bingwa wa Giro 2017, Januari 2021 akiwa kambini kafungasha mizigo yake kasema naondoka sijui lini nitarudi wala kama nitarudi, nataka kujua mie ni nani na nataka nini, na timu ikasema haya nenda. Akakaa miezi kama mitano. Akarudi, akachukua medali ya fedha Olimpiki ya Tokyo. Hapo filamu ingeishia. Lakini hakuwa sawa, na Agosti 2022 akaacha moja kwa moja, miaka 31, mkataba bado upo, na watu wakalalamika kwamba kipaji kinapotea. Aliruhusiwa kurudi na bado asiwe mzima, na aliruhusiwa kuondoka bila kuitwa muoga, hivyo vitu viwili Pantani hakuvipata hata siku moja.

Najua utakaponikamata. Dumoulin ana hela za kupumzikia, ana daktari, ana timu inayomuelewa. Kijana wa Tanga akisema anapumzika miezi mitano atakula nini? Ni hoja nzito na siwezi kuipita kimyakimya.

Kuna kijana mmoja upande wa Makorora, jina lake abaki nalo, alikuwa anakimbia hizi mbio zetu za sikukuu, baiskeli ya resi aliyoiunga mwenyewe, fremu ya mtumba, gia za huku na kule, vijana wenzie wanamwita Mrusi kwa sababu ambazo hata mie sizijui. Alikuwa hatari kwenye njia ya Pongwe. Mwaka fulani akaanza kutokwenda mazoezini, alafu kutotoka ndani, akawa haogi, akiulizwa anasema amechoka tu. Wakaja na maji ya kisomo, kisha mganga, kisha shangazi akashauri aoe, hapa katikati miezi inakwenda. Aliyevunja huo mzunguko ni dada yake aliyempeleka hospitali na kuwaambia madaktari kila kitu bila kuremba, akaanzishiwa vidonge, na vidonge vile, watu wajue, vinachukua wiki kadhaa mpaka vianze kushika, kwahiyo wiki mbili za mwanzo mtaa mzima ulikuwa unasema si mnaona, hospitali hawana lolote.

Sasa hivi anashinda kwa fundi mmoja mzee kule Ngamiani. Nimekaa pale nikimtazama. Mzee kapindua baiskeli, anazungusha rimu, anagusa spoki kwa kidole moja moja kusikiliza ipi imelegea, anaikaza robo, anazungusha tena, kijana anaziba pancha pembeni, kazamisha tyubu kwenye beseni anatafuta mapovu, hawaongei. Mteja akaja, mwanamama wa heshima tu, akamtambua kijana: "Eh mwanangu, mashallah umepona! Lini tunakuona tena Pongwe?" Kijana akacheka kidogo akainamia beseni.

Alipoondoka nikamwambia Mzee, unaona, ndo hayo ninayosema, mtu kaziba pancha mbili kishaitwa mzima na kishadaiwa kombe. Mzee akaniambia, "Baba, wewe unaandika sana. Huyu angebaki ndani angeoza. Kazi ndo imemtoa." Nikamwambia kazi sawa Mzee, sina ugomvi na kazi, ila siku asipokuja usiseme karudi nyuma, na siku akija usiseme kapona, muulize kalala vipi, kala, vidonge anavyo bado au vimekwisha. Akasema maswali yote hayo atayauliza saa ngapi na watu wamepanga foleni na baiskeli zao. Nikamwambia ndo hapo sasa. Akasema chukua hiyo pampu nipe.

Mpaka leo hatujaelewana, mie na yeye, na kijana bado anakwenda pale siku nyingine anazoamka vizuri, siku nyingine haendi, dada yake anapiga simu kwa Mzee kusema leo hapana. Mzee anajibu sawa, basi. Resi yake imening'inizwa ukutani na hajaigusa.